Kulipwa ili ujikinge: maswali ya wasomaji kuhusu pesa na magonjwa ya ngono

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: miradi inayowapa watu fedha taslimu ili wapime, wajikinge au wasiache dawa. Wengine wanaiita motisha, wengine hongo, na msomaji mmoja ameiita, kwa herufi kubwa, "BIASHARA YA MIKOJO". Tumechagua barua nane. Majina ya waandishi hatukuyaweka.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha vijana. Tumeletewa wazo la kuwalipa wanachama watakaokutwa hawana magonjwa ya ngono. Wazee wetu wanasema huko ni kuhonga watu. Je, pesa inaweza kweli kubadili mambo ya chumbani?

Jibu: Inaweza, ila kwa shida, na si kila kiasi kinaweza. Jaribio linalofanana kabisa na mnalofikiria lilifanyika Tanzania, eneo la Ifakara, katika vijiji 10 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 2009. Watu 2,399 wa miaka 18 hadi 30, wakiwemo wenzi wao, waligawanywa kwa kura. Karibu nusu hawakuahidiwa fedha. Waliobaki waligawanywa makundi mawili: moja liliahidiwa dola 10 kila baada ya miezi 4, jingine dola 20, kwa sharti kwamba kipimo kisionyeshe klamidia, kisonono, trikomona wala bakteria aitwaye Mycoplasma genitalium. Wote, wa pesa na wasio wa pesa, walipata vipimo, ushauri nasaha na matibabu bure.

Mwaka ulipotimia, kundi la dola 20 lilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 27 kuliko lile lisilolipwa. Dola 10 hazikufua dafu. Na hata hizo dola 20 hazikuonyesha tofauti yoyote ya maana mwezi wa 4 wala wa 8. Ilibidi watu walipwe, wakose, warudi tena, ndipo jambo likaanza kuonekana. Tena asilimia 27 ni makadirio ya katikati tu. Upungufu wenyewe ungeweza kuwa asilimia 1, ungeweza kuwa 53. Msiende kwa mfadhili na namba moja mkiishika kama hirizi.

Kuhusu hongo: raha ya kutotumia kondomu ni ya leo usiku, na madhara yake hayana tarehe. Fedha ya miezi 4 ijayo inaipa tahadhari tarehe ya malipo, basi. Hilo halina ubaya. Ila hofu ya wazee wenu ina mahali pake. Waulizeni wenye mradi hivi: mtu akikataa kushiriki, au akishiriki akakutwa na ugonjwa, atapata matibabu yaleyale? Jibu likiwa "hapana", wazee wako sahihi.

Swali: Kwa nini kuzungukazunguka na klamidia? Si waweke sharti moja tu: ukikutwa huna VVU unalipwa, ukikutwa navyo hulipwi?

Jibu: Hilo ndilo kosa la kwanza ambalo kila anayeanza kupanga mradi wa namna hii hulifikiria, na tunashukuru umeliuliza waziwazi.

VVU ni maambukizi ya maisha. Ukivifanya sharti, mtu aliyeambukizwa anatolewa kwenye malipo moja kwa moja, hata akianza kujikinga kuliko wote kijijini. Motisha inamwacha palepale anapoihitaji zaidi. Pili, anayeacha kulipwa ghafla amekwisha kutangazwa hali yake bila kuulizwa. Tatu, anayehisi ameambukizwa atakwepa kipimo, achelewe dawa, na wakati huo virusi vyake viko juu na anaambukiza wengine. Hasara hiyo ya tatu peke yake inatosha kuufuta mpango mzima.

Ugonjwa unaofaa kutumika kama kipimo cha tabia uwe na sifa tatu: unapatikana kwa kutosha katika kundi lenu (ukiwa kwa mtu mmoja kati ya mia, kipimo hakitawaambia kitu), unatibika kabisa ili mtu aanze ukurasa mpya, na kipimo chake kinatofautisha maambukizi mapya na ya zamani. Malengelenge ya sehemu za siri yanaanguka hapo, kwa sababu virusi vyake havitoki mwilini.

Kaswende inahitaji uangalifu wa pekee. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinatafuta kingamwili dhidi ya vimelea vya kaswende, na kwa watu wengi kingamwili hizo hubaki maisha yote hata baada ya kupona. Mtu aliyetibiwa miaka 5 iliyopita ataonekana "ana kaswende" kila raundi, na kila raundi atanyimwa haki yake. Ukitaka kuitumia, ongeza kipimo cha damu cha RPR, kinachotoa kiwango cha kingamwili za aina nyingine, ambazo hupungua mtu akitibiwa. Kiwango kikishuka mara 4, mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, tiba imefanya kazi. Kikipanda mara 4 baada ya hapo, fikiria maambukizi mapya.

Hata klamidia na kisonono vina mtego wake. Vipimo vya vinasaba ni vikali mno: vinaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Ukimpima mtu kabla ya wiki 4 tangu amalize dawa, unaweza kumwita mgonjwa ilhali amepona. Upande wa pili, aliyeambukizwa juzi anaweza asionekane leo, maana mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kabla kipimo hakijanasa. Muda wa miezi 3 au 4 kati ya raundi na raundi unakwepa mitego yote miwili.

Swali: Na wale watakaopeleka mkojo wa mdogo wao?

Jibu: Watakuwepo. Mkojo utolewe kituoni, kikopo kikabidhiwe mkononi, na joto lake lisomwe ndani ya dakika 4: mkojo wa sasa hivi huwa kati ya nyuzi 32 na 38. Kikopo kilichokuja mfukoni kimepoa.

Lakini wasiwasi mkubwa kuliko wa wezi wa mkojo ni mkojo halali uliochukuliwa vibaya. Kwa klamidia na kisonono unahitajika mkojo wa *mwanzo*, mililita 20 hadi 30 tu, kutoka kwa mtu ambaye hajakojoa kwa saa 1 angalau. Watoa huduma wengi wamezoea kuomba mkojo wa katikati, ule wa kutafuta UTI, na mtu akijaza kikopo mpaka juu bakteria wachache waliokuwapo wanazama humo. Hapo unamlipa mgonjwa na kumwambia yuko salama. Kwa wanawake, pamba ya ukeni ambayo mwenyewe anajichukulia faraghani ni bora kuliko mkojo.

Kuna ujanja mwingine usiozungumzwa: mtu anameza antibayotiki za dukani wiki moja kabla ya siku ya kupima. Kipimo kinaweza kutoka safi, fedha akapata, huku kisonono kilichopigwa nusu dozi kikijifunza kuishi na dawa. Ukikuta kwenye usajili kwamba watu wanajua tarehe ya kupima miezi 4 kabla, badilisha. Wape kipindi cha wiki 3 tu bila tarehe, kisha waite kwa ujumbe siku 2 au 3 kabla. Na waambie mapema, mara nyingi, kwamba matibabu ni bure na hayafuti nafasi ya raundi ijayo.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, sijatoka nje ya ndoa yangu. Ulipita mradi hapa, nikapimwa, nikaambiwa nina trikomona. Wenzangu walipanga foleni ya kupokea fedha, mimi nikaambiwa nirudi nyumbani. Mtaa mzima ulijua. Mume wangu naye ananiuliza nimeitoa wapi. Nifanye nini?

Jibu: Dada, pole. Kwanza afya yako. Trikomona inatibika: kwa mwanamke dawa inayotumika sana ni metronidazo miligramu 500, mara 2 kwa siku, siku 7, kwa maelekezo ya mtoa huduma. Mwambie kama una ujauzito au unanyonyesha. Mume naye atibiwe hata kama hana dalili, kwani wanaume wengi hawana dalili kabisa, na msikutane kimwili mpaka wote wawili mmemaliza dawa na dalili zimeisha. Akibaki bila dawa atakurudishia. Rudi upimwe tena baada ya miezi 3.

Pili, swali la mumeo. Mdudu huyu anaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila kuwasha wala kutoa uchafu. Kipimo kinasema ugonjwa upo. Hakisemi umeingia lini wala umeletwa na nani. Unaweza kuomba mtoa huduma aliseme hilo mbele yenu wote. Ukihofia kupigwa, usilizungumze nyumbani peke yako. Mweleze mhudumu hofu hiyo kabla hajaandika kadi ya kumwita mwenzi, kwa sababu zipo njia za kumfikia mwenzi bila kukutaja.

Tatu, na hili ni kwa walioandaa mradi ule: walikosa mara mbili. Walimfanya mke alipie mwenendo wa mtu mwingine, wakati katika ndoa si kila mwanamke ana neno la mwisho kuhusu kondomu. Halafu wakalipa hadharani, ambako kutopokea ni tangazo. Kanuni tunayoishikilia sisi kwenye safu hii ni kwamba *lipia kile ambacho mtu anaweza kukitimiza mwenyewe*. Kufika kupima anaweza. Kumeza dawa mpaka mwisho anaweza. Kuchukua kadi ya kumwalika mwenzi anaweza, ingawa kumfikisha mwenzi kituoni hana uhakika nako, kwa hiyo usilipie idadi ya wenzi walioletwa. Ukilipia hilo, wataletwa wenzi wa kukodi, au mtu ataburutwa.

Kwa muundo huo, aliyekutwa safi na aliyekutwa mgonjwa akatibiwa wanamaliza raundi na kiasi kilekile mkononi, na jirani hana cha kulinganisha.

Swali: Naratibu mradi mdogo wa watu 400. Naomba mnielekeze kiasi cha fedha, mara ngapi, na njia ya kulipa. Tafadhali msinijibu "inategemea".

Jibu: Inategemea, lakini tutakupa hesabu.

Usianze na bajeti, anza na gharama ya kufika. Chukua nauli ya kwenda na kurudi kwa anayeishi mbali zaidi, ongeza ujira wa saa atakazopoteza, foleni ikiwemo. Kiasi kilicho chini ya hapo si motisha, ni rejesho la nauli lisilotimia. Angalia kilichotokea Nyando nchini Kenya, wanaume 1,504 wa miaka 25 hadi 49 walipopewa ahadi ya vocha za chakula endapo wangefanyiwa tohara ndani ya miezi 2. Bila vocha ya maana walitahiriwa asilimia 1.6. Vocha ya shilingi 200 ilifikisha 1.9, yaani sawa na bure. Ya 700 ilifikisha 6.6, na ya 1,200 ilifikisha 9.0. Kati ya 200 na 700 pana mlango. Chini ya mlango huo unapoteza fedha, juu yake kila nyongeza inaleta kidogo kidogo. Tena tazama: hata kwa kiasi cha juu, 91 kati ya 100 hawakuja. Aliyeogopa kisu hakununuliwa.

Jambo likiwa jepesi, mlango huo uko chini kabisa. Malawi, mwaka 2004, watu waliokwisha kupimwa VVU walitakiwa kwenda kuchukua majibu kwenye vituo vya muda. Bila motisha walikwenda asilimia 34. Walipopewa vocha za viwango mbalimbali, mahudhurio yaliongezeka takriban maradufu, na hata vocha ndogo sana zilivuta watu. Kwa hiyo: mahudhurio, kiasi kidogo, jambo linalouma au linalodumu, kiasi kikubwa au usijaribu.

Sasa watu wako 400. Tumia ujira wa siku wa eneo lenu kama kipimo. Tuseme nusu ya ujira kwa kila anayefika, na ujira wa siku 2 kwa anayekamilisha raundi, yaani aliyekutwa safi au aliyekutwa mgonjwa akamaliza dawa. Raundi 3 kwa mwaka. Wakifika 340 na kukamilisha 306, raundi moja inakula ujira wa siku 170 kwa mahudhurio na 612 kwa kukamilisha, jumla 782; mwaka mzima 2,346. Lakini tenga 3,000, kama vile wote 400 watafika na wote watakamilisha. Sababu ni moja: siku utakayomwambia mtu aliyetimiza sharti kwamba fungu limeisha, raundi inayofuata umeipoteza, na kijiji cha jirani kitakuwa na habari kabla ya jua kuzama. Juu ya hizo 3,000 weka ada ya kutuma na *ada ya kutolea*. Wengi husahau hiyo ya pili, mtu akapokea kiasi pungufu akadhani ameibiwa.

Njia ya kulipa ni simu, ndani ya saa 24 tangu sharti litimie. Siku ya kuandikisha, tuma kiasi kidogo cha majaribio mtu akiwa amesimama mbele yako, na usome jina linalotokea. Utashangaa laini ngapi za wanawake zimesajiliwa kwa jina la mume, kaka au aliyewauzia simu. Fedha itakayofika kwa mume ni ujumbe kwa mume. Kwa asiye na laini ya jina lake, msaidie asajili, au aje kuchukua taslimu kwa siku yake mwenyewe, si siku ya foleni. Jina la mtumaji lisiwe na neno "ngono", "VVU" wala "kliniki".

Tenganisha mikono. Anayepima anaandika namba ya mshiriki na matokeo. Mtu wa pili anageuza matokeo kuwa "lipa" au "subiri". Wa tatu, mhasibu, anaona namba ya simu na kiasi, basi. Mtu mmoja akishika yote matatu, kuna siku atamwonea huruma binamu yake, na kuna siku atamkomoa jirani.

Mwisho, kabla ya senti ya kwanza kutoka: kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kama unakusanya takwimu, fomu ya ridhaa inayosema wazi mtu anaweza kutoka bila kupoteza matibabu, na tarehe ya mradi kuisha iandikwe kwenye fomu hiyohiyo. Dawa ziwepo kituoni. Kupima bila dawa ya kutibu ni ukatili wenye stakabadhi.

Swali: Bahati nasibu je? Fedha kidogo, matumaini makubwa.

Jibu: Ilijaribiwa Lesotho, katika vijiji 29. Mshiriki aliyekutwa hana kaswende wala trikomona alipata tiketi, na kila baada ya miezi 4 ilichezeshwa droo ya kijiji yenye zawadi ya dola 50 au dola 100. Maambukizi mapya ya VVU kwa miaka 2 yalipungua kwa takriban asilimia 21, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wale wapendao kubahatisha. Inaeleweka: anayecheza kamari na fedha mara nyingi ndiye anayecheza kamari na mwili, na fedha ya uhakika lakini ndogo haimsisimui. Kumbuka VVU havikuwa sharti hapo. Vilipimwa kuona matokeo.

Droo ifanyike hadharani lakini namba zitolewe, si majina. Washindi walipwe faraghani. Na waliokosa tiketi nao wawe na kipande cha kushika mkononi siku hiyo, kisichoingia kapuni, la sivyo turudi kwenye kisa cha yule dada.

Swali: Shikamooni. Mimi ni babu ninayelea wajukuu wa kike wawili. Nasikia kuna kuwalipa mabinti wabaki shuleni ili wasipate ukimwi. Shule na ukimwi vinahusiana vipi?

Jibu: Marahaba? Hapana, mzee wetu, shikamoo wewe. Vinahusiana kupitia mwanamume.

Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, mabinti wasioolewa wa miaka 13 hadi 22 walilipwa kila mwezi: kaya ilipata dola 4 hadi 10, na binti mwenyewe dola 1 hadi 5 mkononi. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa shuleni tangu mwanzo, waliokutwa na VVU walikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 3.0 kwa wasiolipwa. Hawakuwa wamejifunza kondomu zaidi. Walichobadilisha ni mwenzi: waliolipwa walikuwa na uhusiano kwa nadra zaidi na wanaume wa miaka 25 kwenda juu. Dola 3 za binti zilikuwa zimefanya kazi ambayo vinginevyo hufanywa na vocha ya simu na chipsi za mtu mzima. Na ilikuwa sawasawa iwe fedha ina sharti la mahudhurio au haina.

Ila kwa mabinti waliokuwa wamekwisha kuacha shule, VVU havikupungua. Na Afrika Kusini, mkoa wa Mpumalanga, zaidi ya wasichana 2,500 wa miaka 13 hadi 20 walihusishwa katika mpango wa randi 100 kwa binti na 200 kwa mlezi kila mwezi, sharti likiwa kuhudhuria asilimia 80 ya masomo. Hakuna tofauti ya VVU iliyoonekana. Sababu ya wazi ni kwamba mahudhurio yalikuwa karibu asilimia 95 pande zote mbili. Huwezi kumlipa mtu abaki mahali ambapo hatoki. Hata hivyo, waliolipwa walipigwa na wapenzi wao kwa uchache zaidi, na hilo si dogo. Na bila kujali kundi, waliobaki shuleni waliambukizwa kidogo kuliko walioacha.

Kwa wajukuu wako, mzee, kinachohamishika nyumbani ni hiki: fungu dogo la kila mwezi, kwa tarehe isiyoyumba, mkononi mwa binti mwenyewe, la pedi, nauli na daftari, bila kuulizwa hesabu ya kila senti. Likichelewa wiki 2 atatokea wa kuliziba.

Swali: Fedha zikiisha, watu hawarudi kulekule?

Jibu: Wengi hurudi, na wakati mwingine hufika mbali zaidi ya walikotoka. Zomba walifuatiliwa zaidi ya miaka 2 baada ya malipo kukoma, na faida ya VVU kwa waliopokea fedha bila masharti ilikuwa imeyeyuka. Malawi hiyohiyo kulikuwa na jaribio jingine, lililoanza 2006, la kuwaahidi watu fedha endapo hali yao ya VVU haitabadilika kwa mwaka mmoja. Ahadi haikubadili kitu. Malipo ndiyo yaliyobadili: muda mfupi baada ya kupokea, uwezekano wa wanaume kufanya ngono hatarishi ulikuwa juu kwa pointi 9 za asilimia, na wa wanawake chini kwa karibu pointi 7. Fungu nono kwa mkupuo mmoja lilimnunulia mwanamke uwezo wa kusema hapana, na mwanamume likamnunulia kinyume chake. Kwa hiyo gawanya malipo madogomadogo, na usiyaachie jioni ya kuamkia mwisho wa juma.

Mahali ambapo kuisha kwa fedha kunaumiza kidogo ni pale zilipotumika kumvusha mtu mwanzo mgumu. Mfano ni dawa za ARV. Shinyanga, Tanzania, watu wazima 530 walioanza dawa walifuatwa kwa miezi 6, katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa 2020. Waliokosa fedha, asilimia 73 waliendelea na kliniki na virusi vikafubaa. Waliopata shilingi 10,000 kwa mwezi wa mahudhurio walifika 83, na waliopata 22,500 walifika 86. Tofauti kati ya viwango viwili vya fedha ni ndogo. Anayebana bajeti achukue cha chini. Utambulisho ulikuwa alama ya kidole na malipo yalikwenda kwa simu, yenyewe. Na hiyo nayo ni kinga ya ngono: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake.

Ukipanga kumalizia mradi wako, usikate kama umeme. Miezi 3 ya mwisho punguza kiasi kwa theluthi kila mwezi, na katika muda huohuo ondoa kikwazo ambacho fedha ilikuwa inakilipia: kama ilikuwa nauli, omba kituo kitoe dawa za miezi 3 kwa mkupuo, kama ilikuwa foleni, fungua dirisha la jioni.